Yasaka Sweden Extra na raba za Mark V kwa anayeanza mpira wa meza: maoni yangu toka Mwanza

Asiye na muda aondoke na jibu hapahapa: kama ndo unaanza mpira wa meza na una hela ya raketi moja tu ya maana, chukua ubao wa mbao tupu wa tabaka 5, bandika raba za kawaida zenye sponji (ile ya chini ya raba) ya milimita 1.8 au 2.0, habari za mbao zenye tabaka za kaboni waachie wenyewe kwanza. Mimi natumia ubao wa Yasaka Sweden Extra na raba ya Mark V pande zote mbili, ndo ninayoisema hapa, ila hata ukichukua Stiga Allround Classic maneno ni yaleyale.

Tuanze na kinachopatikana mjini. Ukizunguka Makoroboi na maduka ya vifaa vya michezo pale katikati utakutana zaidi na zile raketi za boksi, mbili pamoja na vipira vitatu, saa nyingine wanakuwekea na wavu. Kwa watoto wa nyumbani sawa kabisa, sina ugomvi nazo. Kwa mtu anayetaka kujua mchezo ndo shida, maana raba zake hazishiki mpira. Jaribu mwenyewe pale pale dukani, kandamiza kipira juu ya raba halafu kisukume pembeni, kikiteleza tu bila kukwama ujue hiyo raketi haitakufundisha spini, yaani kuuzungusha mpira, hata ukae nayo mwaka, utajifunza kusukuma mpira tu, na siku ukikutana na mtu anayejua kusevu (kuanzisha mpira) kwa spini kila mpira utakaorudisha unaenda darini. Na zile nyota zilizoandikwa juu zisikubabaishe, kampuni inajipa yenyewe, nyota 5 za huyu sio nyota 5 za yule. Kitu cha kuangalia ni alama ya ITTF, shirikisho la dunia la mpira wa meza, kwenye raba yenyewe, chini karibu na mpini. Kuna muuzaji aliniambia "kaka hii orijino kabisa, angalia boksi lake," na boksi kweli lilikuwa zuri, raba haina maandishi yoyote. Nikamrudishia na boksi lake.

Kwa hiyo niliagiza kupitia jamaa wa Dar, mzigo ukapakiwa kwenye basi nikaupokea stendi ya Nyegezi. Bei haichekeshi, ubao na raba mbili na gundi na nauli ya mzigo unakaribia laki tatu. Najua kwa wengi hiyo ni hela ya matumizi mengine kabisa, ndo maana nasema kama mfuko haujakaa vizuri angalia mbao tupu za Yinhe na raba kama Mercury 2, za Wachina, bei iko chini sana na kujifunzia zinatosha. Usibane sana kwenye ubao lakini, raba inachakaa unaitupa, ubao ukiutunza unakaa nao miaka.

Sasa ubao wenyewe. Yasaka ni kampuni ya Japani ila huu unatengenezwa Sweden. Ninachoupendea ni kwamba mpira ukigusa unausikia mkononi, ukiupiga vibaya unajua umeupiga vibaya, ukiupiga katikati unajua. Ubao wa kaboni hauna huo upole, mpira unatoka kabla hujaelewa umefanya nini. (Kaboni yenyewe wala sio raketi nzima, sheria inataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mbao halisi, ni vitabaka vyembamba tu vya kaboni katikati, lakini vinabadilisha kila kitu.) Kuna dogo pale tunapochezea alikuja na kaboni na Tenergy 05, raba ya watu wa mashindano makubwa, kwa kweli ukiiona unaitamani. Meza ina urefu wa mita 2.74 tu bana. Kila akigusa mpira unatua ukutani, akipunguza nguvu unaishia kwenye wavu, mwisho akawa anacheza kwa woga, anaweka weka tu mpira. Nikampa yangu acheze seti moja, fowahendi zikaanza kuingia mezani hapohapo. Hajanirudishia kwa haraka.

Mark V iko sokoni toka 1969 na bado watu wanainunua. Inashika mpira bila kunata, na hapo kwa huku kwetu ndo pana maana. Raba za Kichina zinazonata kama Hurricane 3 zina spini balaa, sikatai, ila ukumbi wetu madirisha wazi, upepo wa ziwa unaleta vumbi, na jioni taa zikiwaka wale wadudu wa ziwani wanajaa hadi juu ya meza, sasa raba inayonata inakusanya kila kitu, unamaliza seti unakuta kuna mabawa ya wadudu yamejibandika, unafuta, unacheza, unafuta tena. Mark V napitisha sponji yenye maji kidogo, sabuni hapana, ikikauka naifunika na ile karatasi yake ya nailoni basi. Na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, joto linaua raba yoyote ile.

Kasoro zipo. Ukisogea nyuma ya meza ukataka kuvuta topspini (mpira unaozunguka kwenda mbele) ndefu utaona raba za kisasa zinakupita, hasa na hivi vipira vya plastiki vilivyokuja 2014. Ukifika kiwango hicho utabadilisha raba ya fowahendi, ubao unabaki.

Kubandika usimpelekee fundi viatu tafadhali. Ile gundi yake ni kali, siku ya kubadilisha raba inang'oka na nyuzi za mbao. Tumia gundi ya maji ya raketi, paka nyembamba kwenye ubao na kwenye sponji, subiri weupe uishe kabisa iwe kama kioo, anzia upande wa mpini ukipanda juu huku unakandamiza na chupa, halafu kata pembeni kwa wembe mpya. Kingo zizungushie tepu, ubao ukigonga meza unabanduka vipande.

Ukiagiza andika kila kitu usimwachie muuzaji akukisie: mpini uliopanuka chini au ulionyooka (uliopanuka hauchoropoki mkono ukiloa jasho), unene wa sponji, na rangi. Upande mmoja lazima uwe mweusi, wa pili zamani ulikuwa mwekundu tu, toka 2021 wameruhusu na pinki, kijani, bluu na zambarau. Usipotaja unaweza kuletewa nyekundu mbili, na hiyo kwenye mashindano hawakuruhusu hata kusogelea meza.