TAHADHARI: Fundi wa kafe-resa hapa Bukavu amebaki na injini, mimi nimerudishiwa rangi

Ile picha ya pikipiki niliyotuma Jumapili mkanipongeza, nimeifuta. Na wewe niliyekuambia "mpelekee pikipiki yako ya TVS, huyu kijana ana mkono", usimpelekee. Kama umeshaipeleka, acha unachofanya, panda motari sasa hivi, kaichukue hata kama iko vipande kwenye gunia.

Habari ya Honda CG 125, pikipiki ya Baba niliyompa huyo fundi aigeuze kafe-resa (pikipiki ya mtindo wa mashindano, gido fupi na siti ya mtu mmoja), mnaijua, sirudii. Mnajua pia ni nani aliyenikataza kuigusa, na leo hanisemeshi.

Nianze na siku ya kuichukua, maana ndiyo inayonichoma. Fundi aliniita saa kumi na mbili jioni, giza linaingia, kwao umeme umekatika, mvua imetoka kunyesha. Nafika, pikipiki imeshawashwa, inanguruma, imefunikwa shuka la maua. Shuka, jamani! Akalivuta polepole kama anafunua bibi harusi, akamulika tangi kwa simu. Nyeusi, mstari mwembamba wa dhahabu ubavuni. Gido (usukani) ndefu ya Baba haipo tena, ziko mbili fupi zilizobanwa chini kwenye mabomba ya mbele. Siti ya mtu mmoja, yenye nundu nyuma. Vijana wawili waliosimama pale wakasema, "Eeh, hii ni ya Ulaya kabisa." Leo najua walikuwa watu wake.

Nikataka kuizima niipige kiki mwenyewe. Akanishika mkono, kwa heshima zote: "Hapana mkubwa, nimeivalisha ringi mpya, ukiizima sasa itakwaruza." Nikakubali. Mimi, niliyekua nikimshikia Baba tochi akifungua kabureta, nikakubali! Nikainama nitazame chini, joto likanipiga usoni, na mwanga wa simu yake ukahamia kwenye siti. Nikainama tena, mwanga ukarudi kwenye tangi.

Halafu hela. Mwanzo nilimpa dola 250, zilibaki 90. Akazipitisha kwenye mwanga moja moja, akanirudishia noti ya 10 iliyochanika pembeni, mchaniko mdogo kuliko ukucha: "Hii watanikatalia, mkubwa." Nikajiambia, mtu makini hivi na noti hawezi kuwa mzembe na boliti. Nikambadilishia. Nikamwongezea na franka 5,000 za soda.

Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Alijua kazi, basi! Aliniambia mambo ambayo hata mimi sikuyajua vizuri: kwamba mtindo huu ulishika kwa vijana wa Uingereza miaka ya 1950 na 1960, waliokutana Ace Cafe kule London na kushindana kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. (CG ya Baba haifiki huko hata ukiitupa toka juu mlimani Kadutu.) Aliniambia Honda waliitoa CG mwaka 1976, wakaipa vijiti vya kusukuma valvu badala ya cheni ya juu, makusudi, ili iwavumilie watu wasiobadilisha oili kwa wakati. Akaipapasa injini akasema, "Hii hawatengenezi tena namna hii." Mimi nikadhani anaisifu. Kumbe anaithamini bei.

Siku ya tatu, nikipanda Kadutu, nikasikia siti inacheza. Nikapita kwa fundi wetu wa zamani, yule asiyependa mapambo. Akachokonoa kwa bisibisi, masitiki (ile lami ya kuzibia nyufa) ikadondoka kama ganda la yai. Yule kijana amekata fremu nyuma, akachomelea bomba lililokunjwa kama U, bila kipande cha kushikilia kwa ndani, ufa akauziba kwa masitiki na kupaka rangi juu. Nimepita na kitu hicho katikati ya Fuso siku tatu.

Nilidhani yamekwisha. Fundi wetu mzee akaipiga kiki, akasikiliza, akaizima. "Hii sauti si ya baba yako." Akalowesha kitambaa kwa esansi (petroli), akafuta ile rangi nyeusi chini kushoto. Mahali namba ya injini ilipoanza na CG125E, tukasoma 156FMI. Hiyo ni alama ya injini za Kichina zilizoigwa kutoka CG, boliti zinaingia palepale bila shida. Vifuniko vya pembeni vyenye jina la Honda alivihamisha tu. Nikatazama mapezi ya silinda, yale mabamba membamba ya kuipoza, upande wa kiki. La tatu kutoka juu Baba alilimegua kwa nyundo mimi nikiwepo. Sasa ni zima. Injini haiponi kidonda kama mtu.

Mwizi! Na karti roze (kadi ya umiliki wa pikipiki) anayo, alisema "nikuandikishie rangi mpya", nami nikampa kwa mkono wangu. Simu haipokelewi. Kwake kuna kufuli jipya.

Dalili zilikuwepo, msinisute. Wiki tatu kila nikitaka kuja yuko Kamembe, ng'ambo Rwanda, anafuata vifaa. Hakunitumia hata picha moja pikipiki ikiwa imefunguliwa. Hizo picha za "kazi zake" nimezikuza jana: magari yanapita kushoto kwa barabara! Bukavu hii, tangu lini? Na mtu akipaka injini nzima rangi, muulize anaficha nini. Andikeni namba ya injini kabla ya kuacha chombo kwa fundi, ile ya fremu pia, mpige na picha, basi, mengine sina nguvu ya kuyaeleza.

Ninachotaka ni akamatwe, vyombo vyake viuzwe, arudishe dola zote 340 na ile soda, asishike tena spana katika mji huu. Asukume hiyo takataka yake mwenyewe kutoka Panzi hadi Nyawera, mchana, watu wakimtazama. Lakini msimpige. Nasema hivi hasira ikiniambia mengine. Akipigwa hatasema injini iko wapi.

Pezi la tatu kutoka juu, upande wa kiki, limemeguka ncha. Ukiliona kwenye pikipiki ya mtu usigombane naye, huenda na yeye ameuziwa. Piga picha, nitumie, niambie uko mtaa gani.