Nyumba Dar es Salaam: upitie kwa dalali au kwa mwenyewe?

Dalali anakuokolea miguu. Ukitafuta nyumba Tabata au Mbagala, yeye anajua nani anauza kabla hata kibao hakijabandikwa ukutani. Ila analipwa biashara ikikamilika, nyumba iwe nzuri au mbovu. Ndiyo maana nyumba inayoingia maji wakati wa masika huonyeshwa Januari, jua likiwaka. Nilipelekwa kwenye moja ya namna hiyo: rangi ilikuwa bado inanuka, na chini yake mstari wa matope ulionekana, umefika usawa wa soketi za ukutani. Dalali alinihimiza nitoe kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kushikilia nyumba, siku hiyohiyo. Sikutoa.

Kwa mwenyewe, hakuna cha juu, ile pesa ya dalali inayoongezwa kwenye bei. Bei mnaijadili uso kwa uso, na unauliza habari za maji na mipaka kwa mtu aliyeishi humo. Tatizo ni kwamba huyo "mwenyewe" anaweza kuwa mrithi mmoja kati ya watano, na wenzake hawana habari.

Njia yoyote utakayopita, upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi fanya wewe au wakili wako, usitegemee nakala uliyoletewa. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi. Kama hakuna hati, nenda serikali ya mtaa na uongee na majirani wa pande zote.

Mimi ningemtumia dalali kutafuta tu, malipo yake yakiwa yameandikwa mapema. Siku ya makubaliano, muuzaji na mwenza wake wawepo mezani.