Basi la Kigoma–Mwanza: kondakta apewe maua yake

Viti vya kawaida, chaji ya simu haifanyi kazi, muziki juu mno. Yote nayasamehe kwa sababu ya kondakta.

Sisi Waha wa Kigoma tunajuana: Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo kwenye vizuizi vya njia ya Kasulu na Kibondo ukifungua mdomo tu unaulizwa babu yako kazaliwa wapi. Mpaka wa Burundi u karibu, majambazi wenye bunduki wametusumbua miaka ya nyuma, ukaguzi nauelewa. Lakini Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia uhuru wa kwenda atakako, na Ibara ya 30, inayoruhusu haki kubanwa kwa ajili ya usalama, inataka iwepo sheria. Lafudhi si sheria.

Bibi mmoja aliteremshwa. Kadi ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, hana, ana namba yake tu. Kondakta akagoma kuondoka: “Afande, namba hiyo hapo, ihakikini. Mama yangu simwachi porini.” Dereva akazima injini. Abiria wenye haraka walinuna, shauri yao. Hatimaye bibi akapanda na kiroba chake cha dagaa.

Nyota nne. Tiketi kateni mapema, siti za mbele huisha haraka.