TAHADHARI: muuza kabureta za "spesho ya milimani" pale Mwanjelwa, Mbeya

Wakuu, mliokuwa mnapiga simu kuulizia baiskeli yangu ya injini, nimekuwa nawaambia iko kwa mpaka rangi. Hakuna cha rangi. Injini imekufa, na aliyeiua ni jamaa mmoja wa spea pale Mwanjelwa. Kama amekuuzia kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), usiteremke nayo mlima kabla hujasoma hapa.

Nilikuwa na safari ya Kyela. Mashine ilikuwa inamisi kila nikipanda Uyole, plagi inalowa, ekzosi inatema uchafu mweusi. Nikaelekezwa kwa huyo jamaa na mtu ninayemheshimu (shemeji, tutaongea). Akanisalimia Kinyakyusa, akanipa kigoda, akaitazama injini bila hata kuigusa. "Kaka, walikuambia hii ni 80cc? Wanadanganya watu. Silinda ni milimita 47, pistoni inatembea 38, piga hesabu." Nikapiga kwenye simu palepale, ikaja 66. Sasa mtu kama huyo unamtilia shaka kwa lipi?

Hakuishia hapo. Akanieleza kwamba Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na hizi kabureta za Kichina zinakuja na jeti (kitundu cha kupitishia petroli) kubwa, ndiyo maana petroli inazidi. Kweli tupu! Mafundi niliowauliza baadaye wote wanakubali. Yaani jamaa alinipiga kwa maneno ya kweli. Ndipo akafungua gazeti, akatoa kabureta inang'aa. "Hii spesho ya milimani, orijino, imeshatuniwa. Elfu 85." Nikalia mpaka 70.

Akaifunga mwenyewe. Akainua tairi la nyuma, akazungusha pedeli, ikashika. Sauti tamu ajabu. Mkono wake wa kushoto umekumbatia kabureta, dole gumba liko juu ya choki, ile inayoongeza petroli. Nikadhani anaishikilia isitikisike. Anavuta moto (akseleta) kidogo anaachia, anavuta anaachia, hakuuvuta mpaka mwisho hata mara moja. Akazima, akafungua plagi, akageukia meza kuchukua kitambaa, akanigeukia na plagi kavu, kahawia safi. "Nyeusi petroli imezidi, nyeupe hewa imezidi. Hii ndiyo rangi yenyewe." Nikamshukuru, ndaga fijo, nikatuma hela.

Plagi yangu nati yake imechubuliwa na koleo tangu zamani. Ile aliyonionyesha nati ilikuwa nzima. Alibadilisha pale kwenye kitambaa, mbele ya macho yangu na ya watu waliojaa pale! Na injini iliyounguruma dakika mbili plagi itapataje rangi? Hayo yote yamenijia nikiwa nimekaa kando ya barabara, nimechanika goti.

Maana mjini ilikimbia, tena kuliko zamani, nikamsifia kwa kila mtu. Nilipoipita Tukuyu na kuanza kushuka, joto likapanda, injini ikaanza kulia sauti kali nyembamba. Ghafla ikakaba. Tairi la nyuma likafunga, nikabana klachi, nikaenda kusimama kwenye migomba. Nyuma yangu kulikuwa na fuso! Fundi wa Tukuyu akafungua: pistoni imechubuka upande wa ekzosi, alumini imeganda kwenye silinda, plagi nyeupe kama chokaa. Akatoa jeti akaielekeza juani. Imezibwa kwa lehemu, ikatobolewa upya kitundu ambacho sindano ya kushonea haipiti. Kule juu ilivumilia. Huku chini hewa nzito, petroli haitoshi, na kwenye tustroku petroli ndiyo inayobeba oili. Halafu hiyo "mpya" bakuli lake la petroli, lile la chini, lina matope ya mwenyewe wa kwanza.

Nimemrudia. Ananiambia mbele ya watu eti nilichanganya oili vibaya. Mimi? Lita 1 ya oili kwa 20 za petroli, miaka yote! Watu wakacheka. Huyu asirudishe hela tu, huyu alale ndani. Meza yake ifungwe, na uongozi wa soko utuambie nani alimpa nafasi ile. Mwenzangu akifia Kiwira mteremkoni mtasema ajali, kumbe mtu amekaa kivulini na lehemu yake anaziba jeti. Ndani!

Mnaouliza mtamjuaje: risiti hatoi. Jina lililotokea kwenye simu ni la mwanamke, akasema la mama yake. Hataki ufungue bakuli, anasema utaharibu tuni. Tuni gani ya mezani? Kabureta inatuniwa juu ya injini yako, unatembea nayo moto ukiwa umejaa, unazima, ndipo unaangalia plagi. Na plagi yako itie alama kwanza. Mengine nikikumbuka nitaongeza, sasa hivi mkono unatetemeka kwa hasira.

Kabureta na jeti ninazo hapa Soweto ya Mbeya. Mwingine aliyelizwa aje na yake twende wote kituoni, tukiwa wengi hawatatuambia ni kesi ya madai. Na mwenye silinda na pistoni ya 47, hata iliyotumika, anicheki.