Uzoefu wangu: bustani ya jamii Birmingham kwa wenye sonona na wapweke

Naandikia wenzangu mnaoishi Uingereza, maana wengi hawajui kama huduma hii ipo. Baada ya kufiwa na mume wangu nilipata sonona. Kliniki walinipa dawa, kisha wakanikutanisha na mfanyakazi wao anayewaunganisha wagonjwa na shughuli za mtaani. Ndiye aliyenipeleka bustanini. Silipi chochote.

Kwa sheria ya mwaka 1908, halmashauri za hapa hutenga ardhi ambayo wananchi hukodi walime chakula chao. Kiwanja kizima kwa desturi ni kama mita za mraba 250, na mijini foleni yake yaweza kuchukua miaka. Chetu kimekodiwa na kikundi, kwa hiyo huna haja ya kusubiri foleni: unakuja, mnalima pamoja, mnagawana mavuno. Tupo wajane, wazee wanaoishi peke yao, vijana waliotoka hospitali ya magonjwa ya akili, na waomba hifadhi, ambao wengi wao hawaruhusiwi kuajiriwa kesi zao zikiwa bado.

Kilichonishika ni kwamba hakuna anayekuhoji. Kwenye ushauri nasaha niliwekwa kitini nikaulizwa najisikiaje, maneno yakanikauka. Hapa unaonyeshwa tuta lenye magugu, basi. Mazungumzo yakija, yanakuja mmeinama, kila mtu macho yake kwenye udongo. Habari za mume wangu nilimsimulia kwanza mzee mmoja wa Kijamaika tukipunguza miche ya mchicha. Ndiyo, mchicha! Kwao unaliwa sana, na mbegu zake huzitunza kwenye bahasha mwaka hadi mwaka. Tunausia Aprili ndani ya banda la nailoni, tunauhamishia nje katikati ya Mei ikishapita, kwa sababu kabla ya hapo usiku mmoja wa jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu, huua miche yote.

Majani ya maboga walikuwa wanayatupa kwenye mboji. Iliniuma. Nikawaonyesha: chuma yale machanga ya nchani, vunja kikonyo, vuta nyuzi taratibu mpaka zitoke na ngozi ya jani, katakata, pika na karanga za kusaga. Sufuria ilirudi tupu. Nilikuwa nimehudumiwa muda mrefu mno. Siku ile nilihudumia mimi.

Kasoro zipo. Matuta yameinuliwa kwa mbao ili wenye viti vya magurudumu wayafikie, lakini mvua ikinyesha njia ya kutoka getini ni tope tupu, kiti hakipiti. Kubwa zaidi ni kipupwe: Desemba hadi Februari siku za kukutana hupunguzwa, na mwezi Desemba giza huanza kuingia saa kumi jioni. Huo ndio wakati mtu mwenye sonona anazama. Kazi haikosekani, kwani sukuma wiki inastahimili theluji na jalidi huizidishia utamu. Nimewaomba waweke taa na jiko la kupashia chai, na nitaendelea kuwaomba.

Ukitaka kujiunga, uliza mapokezi ya kliniki yako nani anaunganisha wagonjwa na shughuli za jamii. Anza Machi, ushiriki tangu kusia mbegu. Vaa buti za mvua. Uliza pia kama wanarudisha nauli ya basi. Kwetu waomba hifadhi hurudishiwa, na bila hiyo wengi wasingefika.