Miwani ya uhalisia pepe na programu ya 3D Slicer kwa upasuaji wa ubongo wa watoto: tathmini kutoka Mbeya

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia, hapa Mbeya, miwani ya uhalisia pepe (virtual reality), ambayo humfanya aliyeivaa aione picha kana kwamba yumo ndani yake, pamoja na programu ya bure ya 3D Slicer kuandaa picha za vichwa vya watoto wanaosubiri kupasuliwa, wengi wao wakiwa na tatizo la kichwa kikubwa, yaani maji yaliyojaa ndani ya ubongo. Mimi ni mtaalamu wa radiolojia, si daktari wa upasuaji; kwa hiyo ninachopima hapa ni ubora wa picha na urahisi wa kazi. Kilichonivuta ni habari ya mwaka 2022, pale daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto Owase Jeelani wa London na madaktari wa Rio de Janeiro walipofanya mazoezi kwa miwani ya namna hii kabla ya kuwatenganisha mapacha walioungana vichwa.

Slicer hupokea picha za CT scan au MRI jinsi zilivyotoka kwenye mashine, huzipanga slaisi (vipande vyembamba vya picha) juu ya slaisi hadi fuvu likasimama zima, na kiongezo chake cha uhalisia pepe humwezesha mtazamaji kulikuza mpaka akaingia ndani yake kama aingiavyo chumbani. Faida hiyo huonekana zaidi katika upasuaji wa kutoboa sakafu ya chemba ya tatu ya ubongo ili maji yapate njia ya kutokea, ambao daktari Benjamin Warf aliuendeleza huko Mbale, Uganda, kwa kuuambatanisha na uchomaji wa tishu zinazotengeneza maji, ili mtoto asilazimike kuishi na mpira wa kutolea maji kichwani. Chini tu ya sakafu hiyo nyembamba unapita mshipa mkubwa unaolisha shina la ubongo. Kwenye skrini ya kawaida umbali kati ya viwili hivyo unaukadiria. Ndani ya miwani unainama na kuuchungulia, mradi picha ni ya MRI au ya CT scan iliyopigwa kwa dawa ya kung'arisha mishipa.

Hata hivyo, miwani haiongezi kitu ambacho picha haina. Slaisi za milimita 5, ambazo zinatosha kabisa kwa kusoma majibu ya kawaida, humfanya mtoto aonekane ana fuvu la ngazi ngazi, na mshipa mwembamba hupotea katikati ya ngazi hizo. Dawa yake ni kumwomba mwenzako wa mashine atengeneze slaisi za milimita 1 kutoka kwenye data ghafi (vipimo vya mashine kabla havijawa picha) kabla haijafutwa, wala si kumrudisha mtoto kwenye mionzi kwa ajili ya kupata picha ya kupendeza. Pia ikumbukwe kwamba maji yakianza kutoka, ubongo husogea, na picha ya jana haisogei nao. Slicer yenyewe ni chombo cha utafiti na mafunzo, nasi tunaitumia hivyo. Uamuzi wa upasuaji hufanywa kwa picha rasmi.

Miwani niliyonunua, kwa zaidi ya shilingi milioni moja, ina uzito unaokaribia nusu kilo na huichosha shingo baada ya dakika ishirini. Katika baridi ya Julai vioo vyake huingia ukungu, na mikanda yake haikubaliani na kilemba. Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, ambayo bila hiyo miwani ni pambo, iligharimu zaidi. Kwa hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo na wanafunzi wa kufundishwa, ninaipendekeza bila kusita. Isiyo na hao ianze kwa kununua diski ya kuhifadhi data ghafi.

Matumizi ambayo sikuyatarajia ni ya wazazi. Bibi mmoja kutoka Rungwe, aliyemleta mjukuu wake, alivua kilemba, akaivaa miwani, akanyoosha mkono kama anayetaka kuyagusa maji, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, wakishatoboa yatapitia wapi?" Daktari alikuwa ameshamchorea kwa kalamu mara mbili. Safari hii alimshika mkono, akamwonyesha njia.