Filamu bubu Asphalt au Underworld: uanze na ipi?

Kwa kasi, Underworld (1927) ya Josef von Sternberg inashinda. Mlevi aliyeokolewa na jambazi anampenda mwanamke wa mfadhili wake. Deni la fadhila linamkaba. Hadithi ya Ben Hecht ilipata Oscar.

Asphalt (1929) ya Joe May haina haraka, na utamu uko hapo. Polisi kijana wa Berlin anamkamata mwizi wa almasi, ila kumfikisha kituoni kunamshinda. Macho ya Betty Amann, anayeigiza mwizi huyo, yanatosha kueleza sababu! Baba wa kijana naye ni polisi, kwa hiyo wajibu unakaa mezani nyumbani. Kwa picha pia iko mbele: barabara nzima ilijengwa studioni.

Kama filamu bubu hukuchosha, tangulia na Underworld. Ukipenda mapenzi yanayouma, Asphalt.